Huduma ya Wanaopoteza Kumbukumbu Ianzie Mbagala, Isianzie Muhimbili

Katika makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Dar es Salaam, tangazo la mzee aliyepotea si habari ngeni tena. Inawekwa picha, mara nyingi imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi. Linaandikwa jina, nguo alizovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, Mbagala Kizuiani au Tegeta kwa Ndevu, kisha namba ya simu ya mwanawe. Chini yake huongezwa: ana tatizo la kumbukumbu. Wapo wanaopatikana siku hiyohiyo kwa sababu muuza genge au kijana wa bodaboda amemwona mzee akipita barabara ileile mara ya tatu, akaingiwa na shaka na kumkalisha kivulini. Mtaa umefanya kazi yake. Zahanati ya mtaa huohuo, ambako mzee huyo huchukua dawa za presha kila mwezi, pengine haijawahi kumuuliza hata siku moja kama anakumbuka alichokula asubuhi.

Katika sensa ya 2022 Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Kama halmashauri hizi mbili zikiamua kuandaa mpango wa huduma kwa watu wenye ugonjwa wa Alzheimer na magonjwa yanayofanana nao, zianzie wapi? Jibu linalokuja haraka ni hospitali kubwa, daktari bingwa wa ubongo na mashine ya kupiga picha ya kichwa. Naamini jibu hilo, tukilishika, litawaacha nje karibu wote wanaohitaji huduma. Mpango unaofaa utaanzia kwa mtu anayemuuguza mzee nyumbani na kwenye kliniki ya presha iliyo karibu naye, na hospitali kubwa itakuja baadaye kama msaada.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake mjini Tübingen mabadiliko aliyoyaona kwenye ubongo wa mwanamke aliyemjua tangu 1901 hospitalini Frankfurt, aliyepoteza kumbukumbu akiwa na miaka 51 tu. Chembe za ubongo hufa taratibu, na uharibifu huanzia kwenye sehemu zinazohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mzee anaweza kukusimulia mavuno ya mwaka wa Azimio la Arusha, lakini hakumbuki kwamba chai ameshakunywa na anaiuliza tena. Madaktari huita dimenshia hali yoyote ya akili kudhoofika kiasi cha mtu kushindwa kuendesha maisha yake ya kila siku, na Alzheimer ndiyo sababu yake kubwa, asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo hukadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wana dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2017 mataifa wanachama yalikubaliana kwamba ifikapo 2025 robo tatu ya nchi zote ziwe na sera au mpango wa kitaifa wa dimenshia. Lengo hilo halikufikiwa.

Tanzania haianzi gizani. Kati ya 2009 na 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Baada ya kusawazisha umri walikuta asilimia 6.4 wana dimenshia. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na Alzheimer, na idadi iliyokaribia hiyo ubongo wao ulikuwa umeharibiwa na matatizo ya mishipa ya damu. Mganga mkuu wa manispaa anaweza kuigeuza takwimu hiyo kuwa kazi: katika kila wazee 1,000 wa umri huo ndani ya kata zake, atarajie wagonjwa wapatao 64. Wako wangapi kwenye vitabu vya zahanati zake? Anayetaka kupanga aanze na hesabu hiyo, kwa sababu pengo kati ya wanaotarajiwa na walioandikishwa ndilo litakalomwonyesha ukubwa wa kazi.

Ila Dar es Salaam si Hai, na tofauti yake inahusu mpango moja kwa moja. Kati ya 2003 na 2006 uchunguzi wa kiharusi ulifanyika sehemu hizo mbili kwa wakati mmoja. Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 315.9, karibu mara tatu. Hivyo ni viwango vilivyosawazishwa kwa umri, kwa hiyo havielezwi na wingi wa wazee. Presha inayopanda kimyakimya, sukari, chumvi, kukaa kutwa nyuma ya meza ya duka, yote haya yanaupiga ubongo kama yanavyoupiga moyo. Mzee wa Tandika aliyepata kiharusi kidogo mara mbili na sasa hajui jina la mjukuu wake hana tofauti kubwa, kwa yule anayemlisha, na mwenye Alzheimer. Mpango utakaobagua kwa jina la ugonjwa, ukampokea mmoja na kumrudisha mwingine, utakuwa umekosea tangu mlangoni.

Ukweli huo ndio unaotuonyesha mlango wenyewe. Kliniki za presha na sukari zipo tayari, zina siku zao, zina wauguzi wanaowajua wagonjwa kwa majina, na wanaopanga foleni pale saa moja asubuhi na kadi zao ndani ya mifuko ya nailoni ni walewale walio hatarini. Hakuna haja ya kujenga kliniki mpya ya kumbukumbu. Inatakiwa kuongezwa dakika kumi na tano kwenye kliniki iliyopo, mara moja kwa mwaka, kwa kila mwenye miaka 60 na kuendelea. Tena hapohapo ndipo kinga ilipo. Tume ya jarida la Lancet ilisema mwaka 2024 kwamba visababishi 14 vinavyoweza kudhibitiwa vinahusishwa na karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani, na miongoni mwake ni presha, kisukari, uvutaji sigara, kutosikia vizuri na kutoona vizuri. Mzee mwenye mtoto wa jicho aliyefanyiwa upasuaji, hata kama ni kwa foleni ya hospitali ya CCBRT Msasani, anarudishiwa macho na huenda ubongo wake ukaepushwa na upweke wa giza.

Watasema wengine kwamba wazee ni wachache. Ni kweli: Watanzania waliofikisha miaka 60 hawafiki hata mmoja kati ya kumi na tano, na kwenye bajeti ya afya wajawazito, watoto, malaria na Virusi vya UKIMWI vinadai haki yao. Lakini mzee mmoja mwenye dimenshia hauguzwi na serikali. Anauguzwa na binti aliyeacha genge lake, na mkwe ambaye hakulala, na dada wa kazi wa miaka kumi na saba ambaye hakuna aliyemweleza kwa nini bibi anamwita mwizi. Ugonjwa wa mtu mmoja unakula kipato cha nyumba nzima. Hiyo ni hasara ya kiuchumi hata kwa asiyejali kitu kingine.

Nyumba hizo tuziangalie kwa karibu, kwa kuwa mipango mingi ya afya huandikwa kana kwamba mgonjwa anaishi ndani ya jedwali. Wazee wa Dar es Salaam wako namna kama mbili. Wapo waliozeekea mjini, wenye nyumba ya vyumba sita Mtoni au Tandale, wao wakikaa chumba cha mbele na wapangaji vingine, choo na bafu vikiwa uani. Mzee wa namna hii ana bahati moja kubwa: kila jirani anamjua. Akitoka na kanga moja saa nane mchana, kuna mtu atakayemshika mkono. Matatizo yake ni ya ndani: choo kiko mbali usiku, mlango wa barabarani hauna mtu, wapangaji wanabadilika na mpya anamwona kama kichaa.

Wapo pia walioletwa. Mtoto amepata kiwanja Chamazi, Mbande, Bunju au Mabwepande, amepandisha nyumba hadi linta, amepaua, ameingia kabla plasta haijakauka, na baada ya kumzika baba kijijini anamchukua mama aje akae naye. Anafanya hivyo kwa upendo. Mama huyu, kijijini kwake Newala au Kisarawe, alikuwa anasahau lakini miguu yake ilijua njia ya kisimani, ya msikitini, ya shambani. Usahaulifu wake ulibebwa na mahali. Mjini anaamka kwenye nyumba ambayo milango yake hajaizoea, jiko ni la gesi, majirani wana ukuta na geti, mtoto anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya magari na kurudi saa mbili usiku. Ndani ya mwezi mmoja familia inasema ugonjwa umeanza ghafla. Mara nyingi haujaanza. Umevuliwa nguo iliyoufunika. Mpango wowote wa Kinondoni na Temeke unapaswa kuwa na ushauri kwa familia zinazofikiria kumhamisha mzee: aje kwanza kwa kutembea, alale chumba kimoja kisichobadilishwa, aletwe na vitu vyake, mkeka wake, sufuria yake, redio yake. Ushauri huu hauhitaji fedha, unahitaji mtu wa kuutoa mapema.

Sasa turudi zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Ni hatua njema. Lakini mtu akifika dirishani akasema mama anasahau sana, anajibiwa nini? Ni uzee tu, mzoeeni. Sentensi hiyo, ambayo husemwa kwa nia nzuri, ndiyo inayofunga mlango. Nyuma ya usahaulifu kuna mambo kadhaa yanayotibika, na mengi yanatibika kwa vitu vilivyomo ndani ya kituo cha afya cha kawaida: upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo lililopungukiwa nguvu, kaswende ya zamani, Virusi vya UKIMWI, maambukizi ya njia ya mkojo yanayomfanya mzee aanze kuweweseka ndani ya siku mbili, sonona baada ya kufiwa. Kuna hata damu iliyovujia kwenye fuvu baada ya kuanguka bafuni wiki tatu zilizopita, ambayo kweli inahitaji rufaa ya haraka. Na kuna dawa zenyewe. Mzee anayemeza piritoni kila usiku kwa sababu ya mafua yasiyoisha, au valium aliyopewa na duka la dawa ili alale, anaweza kuonekana amepoteza akili kumbe amelewa dawa. Swali la kwanza la mhudumu liwe: mfuko wa dawa uko wapi, tumwage mezani tuone.

Kipimo cha kumbukumbu nacho kipo, tena kimepimwa hapahapa nchini. Vipimo vingi vya Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi au achore maumbo. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu anafeli kabla ugonjwa haujaulizwa. Watafiti waliofanya kazi Hai, pamoja na wenzao wa Nigeria, walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma. Mzee hutajiwa maneno na kuulizwa tena baadaye anayakumbuka mangapi, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, huulizwa maswali ya siku na ya uongozi wa mahali pake, hupewa vijiti vya kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Alama za juu ni 15. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kukifanya kwenye benchi la nje, na kiberiti kinauzwa duka la ng'ambo. Kinachohitajika Temeke ni kukijaribu kwa wazee wa mjini, wenye historia tofauti na ya mkulima wa Hai, kisha kuamua alama ipi imwelekeze mtu kwa daktari. Kipimo hakitoi hukumu. Kinasema nani aangaliwe zaidi.

Hapa kuna kishawishi kikubwa. Mpango unaoanza na wafadhili hupenda jengo, na kliniki ya kumbukumbu pale Upanga au Mloganzila ingependeza kwenye picha za uzinduzi. Sibezi utaalamu wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Bila bingwa hakuna wa kuwafundisha wengine wala wa kupokea kesi ngumu, kama kijana wa miaka 45 anayesahau au mgonjwa mwenye degedege. Lakini kutoka Mbande hadi Upanga ni safari ya nusu siku na mzee anayeogopa magari, nauli ya watu wawili, na kazi iliyolala. Atakwenda mara moja, atapewa jina la ugonjwa, atarudi nyumbani na jina hilo. Dawa kama donepezil hupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda, haziponyi. Kuna dawa mpya zinazoondoa protini kwenye ubongo, kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani 2023. Ilipoingia sokoni ilitajwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, tena dawa hizi zilianza kutolewa kwa mishipa, huhitaji picha za ubongo za mara kwa mara na zinafaa tu walio mwanzoni kabisa. Kwa mgonjwa wa Charambe leo, si mjadala. Kazi ya Muhimbili iwe kuwatuma wataalamu wake mara moja kwa mwezi Mwananyamala na hospitali ya Temeke, wakafanye kliniki pamoja na madaktari wa pale mpaka wale waweze wenyewe, na kupokea simu kutoka vituo vya chini.

Kuna dawa moja nitakayoitaja kwa onyo. Mzee akipiga kelele usiku, akimtuhumu kila mtu, familia hurudi hospitali ikiomba kitu cha kumtuliza, na mara nyingi hupewa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kwa wazee wenye dimenshia dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Zipo hali zinazozilazimu, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi. Kabla ya hapo lazima mtu aulize: ana maumivu? Hajapata choo siku nne? Amebanwa na mkojo? Chumba kina giza na kivuli cha nguo zilizotundikwa kinamfanya aone mtu? Anayejua majibu ni yule anayelala naye chumba kimoja.

Na huyo ndiye kiini cha mpango wote. Goa, nchini India, jaribio lililochapishwa 2008 liliwatumia watu wa kawaida wa jamii, si madaktari, kuzitembelea familia zenye mgonjwa wa dimenshia, kuzieleza ugonjwa, kuzionyesha namna ya kukabili tabia ngumu, na kuziunganisha na daktari ilipobidi. Afya ya akili ya waliokuwa wakiuguza iliboreka. Mtandao wa watafiti uliohusika na kazi za namna hiyo umetengeneza pia mafunzo mafupi ya familia ya vikao vitano, kila kimoja nusu saa. Nusu saa mara tano! Ni muda mdogo kuliko ule unaotumika kwenye foleni moja ya Muhimbili.

Sisi tuna watu wa kuifanya kazi hiyo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapatao 137,294 kwa miaka mitano. Wanafundishwa afya ya mama na mtoto, lishe, kifua kikuu na mengine mengi, na najua kila idara inataka kuwatwika mzigo wake. Lakini somo la mzee anayesahau linaweza kutosha kwenye siku mbili za mafunzo, na linafuata nyumba zilezile wanazozipita. Mhudumu anafika, anakaa kwenye mkeka, anamwomba binti amweleze siku yake. Halafu anamfundisha mambo madogo yenye uzito mkubwa. Usibishane naye akisema marehemu mumewe amechelewa kurudi. Muulize mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Mwogeshe saa ileile kila siku, mwache ajimwagie maji mwenyewe hata kama sakafu italowa. Mpe kazi anayoijua, kuchambua mchele, kukunja kanga, kupepeta, hata ukirudia wewe usiku. Weka taa ndogo njia ya choo. Mshonee ndani ya nguo kitambaa chenye namba ya simu. Na mwisho amuulize binti mwenyewe: wewe unalala saa ngapi? Nani anakupokea? Kama jibu ni hakuna, kwenye kikao kinachofuata waitwe ndugu wote, kaka wa Mwanza akiwa kwenye simu, igawanywe zamu na michango. Mhudumu mwenye sare husikilizwa na ukoo pale ambapo binti wa mwisho hasikilizwi.

Wazee wenyewe nao wanahitaji zaidi ya kulindwa. Huko Hai yalifanyika mafunzo ya kuchangamsha akili kwa vikundi: vikao 14 vya dakika 45, mara mbili kwa wiki, mazungumzo ya vyakula, wimbo, michezo ya mikono, habari za zamani, kila kimoja kikiwa kimebadilishwa kufuata maisha ya pale. Wagonjwa walioshiriki walionyesha nafuu katika kumbukumbu na katika hali ya maisha. Naiona kazi hiyo ikifanyika kwenye ukumbi wa ofisi ya kata ya Azimio au kituo cha afya cha Magomeni: bao, taarabu za zamani, ubishi wa Simba na Yanga wa miaka ya sabini, kusuka ukili. Kwa saa moja binti aliyemleta anakwenda sokoni peke yake. Hiyo saa nayo ni tiba.

Imani za watu hazikwepeki. Familia nyingi, kabla ya zahanati, zimepita kwa mganga, kwenye kisomo au kwenye maombi, na katika mikoa kama Shinyanga na Mwanza tunajua vikongwe wangapi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mjini hawauawi kwa mapanga, lakini ajuza anayetoka nje saa tisa usiku akiongea peke yake huanza kusemwa, watoto humkimbia, na minong'ono hiyo ni hatari. Sheikh na mchungaji wanaweza kuikata kwa hotuba moja ya Ijumaa au Jumapili yenye ufasaha: huu ni ugonjwa wa ubongo, unajulikana, mzee huyu halogi na hajalogwa. Dua iendelee, na dawa za presha ziendelee. Waalikwe kwenye mpango tangu siku ya kwanza, wasiletewe vipeperushi mwishoni.

Jambo ambalo mipango ya afya karibu yote huliacha ni mali. Kawe, Mwananyamala, Keko, Kurasini, wazee wengi wanamiliki viwanja ambavyo thamani yake imepanda kupita kila walichowahi kuota, wengine kwa leseni ya makazi tu au kwa karatasi ya zamani ya mauziano. Mtu asiyekumbuka asubuhi yake anaweza kusainishwa kuuza nyumba, au kutoa namba yake ya siri ya simu, au kushindwa uhakiki wa wastaafu na pensheni ikasimama. Mauziano mengi ya mitaani hugongwa muhuri na serikali ya mtaa. Basi mwenyekiti wa mtaa afundishwe kama mhudumu wa afya anavyofundishwa: muuzaji ni mzee, ana dalili hizi, usigonge muhuri mpaka ndugu waitwe na daktari aandike. Na familia zihimizwe kuandika mapema, mzee akiwa bado ana akili yake, nani atasimamia nini. Si mazungumzo mepesi ndani ya ukoo. Yakiahirishwa huishia mahakamani.

Fedha je? Nyenzo kubwa ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kitita chake kikitamka wazi huduma ya dimenshia, hata kwa uchunguzi na ziara za nyumbani tu, kitakuwa kimefanya zaidi ya semina nyingi. Lakini bima haitanunua pampasi za watu wazima, na kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo gharama inayoumiza kila wiki. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 pensheni ya jamii, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza alifanya kazi wapi. Bara hatujafika hapo, na mpango wa Temeke hauwezi kusubiri. Kinachowezekana sasa ni kifungu kidogo ndani ya mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ambao huandaliwa kila mwaka kwa ajili ya bajeti inayoanza Julai 1. Mafunzo ya wauguzi wa kliniki za presha, vipimo vya damu vinavyohusika, posho ya wahudumu na chai ya vikundi vya wazee: ni mambo ambayo halmashauri ya mjini inaweza kuyabeba.

Itahitajika pia sauti ya familia zenyewe. Kenya wanayo: Elizabeth Mutunga, aliyemuuguza baba yake, alianzisha shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, na sasa familia zinakutana, zinafundishana na zinaisukuma wizara. Hapa kwetu mabaraza ya wazee yapo kuanzia ngazi ya mtaa, na vikoba vya akina mama vipo kila kona. Wanaouguza wakipata hata saa moja kwa mwezi ndani ya vikao hivyo, mtandao utazaliwa bila kusajili kitu.

Nasema basi kwa madiwani wa Temeke na Kinondoni na kwa waganga wakuu wao: chagueni kata nne, mbili za ndani kama Tandika na Tandale, mbili za pembeni kama Chamazi na Bunju. Wapimeni wazee wote wa kliniki za presha kwa mwaka mmoja. Andikisheni wagonjwa, fundisheni wanaowauguza vikao vitano, na mwisho wa mwaka hesabuni mambo mawili: familia ngapi zimetembelewa, na wanaouguza wangapi wanasema wanalala. Liandikwe kwenye bajeti ijayo, kifungu na kiasi, kwa jina lake. Na wewe msomaji mwenye mzee nyumbani anayeuliza swali lilelile mara ya kumi, mpeleke zahanati wiki hii pamoja na mfuko wake wote wa dawa, na ukiambiwa ni uzee tu, omba apimwe.